Nani Atashika Mashine ya Ubongo

Jumatatu, 4 Machi
Mashine mpya imefika chumba cha dharura. Unabandika stika kwenye paji la uso wa mgonjwa, namba inakuambia ubongo unapata oksijeni kiasi gani. Kipimo cha kidoleni hunyamaza moyo ukisimama. Hii haihitaji mapigo. Mnabonyeza kifua, nayo inawaambia kama damu inafika kichwani au mnajichosha bure. Sista Mkuu atateua muuguzi mmoja kuisimamia. Atasimama kando asome namba, wengine watoke jasho. Kazi iliyoumbwa kwa ajili yangu! Kikwazo ni muuguzi mwenzangu, tunamwita Sindano kwa kuwa hakosi mshipa.

Jumanne, 5 Machi
Mtaalamu wa kutufundisha anakuja kesho, zamu ya Sindano. Nimembembeleza tubadilishane: yeye achukue Alhamisi yangu, maana mama mkwe anaumwa na siku hiyo lazima nimuuguze. Kakubali, kanipa pole. Mama mkwe ni mzima kama chuma.

Alhamisi, 7 Machi
Mtaalamu hakuja jana. Kaja leo. Sindano kafundishwa, mimi niko nyumbani nahamisha kabati la mama mkwe, ambaye alisema madhali nimeshinda nyumbani, nisikae bure. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Ijumaa, 8 Machi
Nimejifunza mwenyewe. Wakati wa chakula cha mchana nilijifungia stoo, nikajibandika stika. Namba: 71. Nikabana pumzi ili niione ikishuka. Nikabana hadi masikio yakavuma. Namba haikutikisika sana. Niliyetikisika ni mimi, nikaangukia ndoo ya kudekia. Stika imebanduka na nusu ya nyusi ya kushoto. Sista Mkuu akauliza hicho kiraba chekundu usoni ni cha nini. Nikasema nimejigonga mlangoni. Akasema huo mlango wa ajabu, unanyoa.

Jumamosi, 9 Machi
Fundi cherehani anayeshona sare zetu kaanguka mapokezi, utepe wa kupimia ungali shingoni. Moyo umesimama. Nikakimbilia mashine. Sista Mkuu akanishika bega, akanielekeza kifuani. Sindano akabandika stika. Namba: 22. Nikabonyeza huku nimepinda shingo niisome. Ikabaki 22 ile ile. Nilikuwa nampapasa tu.

"Kaka, tazama kifua," Sindano akasema, wala hakupaza sauti. "Namba niachie mimi. Ubongo wake uko mikononi mwako."

Nikatazama kifua. Nikazamisha mikono, nikakiacha kirudi juu, nikazamisha tena. Akasema thelathini. Baadaye, thelathini na nane. Sikuwaza cheo. Niliwaza suruali yangu, ambayo fundi huyu aliitanua kiunoni bila kunicheka. Nilipochoka namba ikaanza kushuka, Sindano akasema nipokewe. Nikakataa. Sista Mkuu akanisukuma kwa nyonga, mwingine akaingia. Daktari akampa mshtuko wa umeme, wakaendelea kubonyeza. Mara namba ikaruka, hamsini na tano. Daktari akagusa shingo. Mapigo yapo.

Nilikwenda kusimama kwenye chumba cha mashuka. Mfagizi alinikuta, akauliza kama nalia. Nikamwambia ni jasho.

Jumatatu, 11 Machi
Fundi kafumbua macho. Kamtambua mkewe, kataja watoto wote kwa majina. Kisha kauliza nani kamvunja mbavu. Wote wakaninyooshea kidole. Akanipa mkono, wala hakuuachia upesi.

Msimamizi wa mashine ni Sindano. Mbele ya watu wote kamwambia Daktari kwamba mimi nikitulia, hakuna anayebonyeza kifua kunishinda. Nimelitafakari neno hilo mchana kutwa. Ni hila! Anataka nibaki kifuani mpaka nistaafu.

Lakini kuna habari njema. Inaletwa mashine nyingine, inayobonyeza kifua yenyewe. Nimeshamwambia Sista Mkuu kwamba hiyo naijua ndani nje, niliitumia sana kazini nilikotoka. Kasema vizuri, basi Ijumaa nitawafundisha wenzangu. Kesho naanza kutafuta picha yake, nijue inafananaje.