Masanduku 311 ya Rangi Haramu

Jumatatu, 5 Februari

Usaliti! Nimeugundua leo mchana, mdomo ukiwa umejaa viazi. Bi. Lorraine Tuttweiler, mwenyekiti wa jumuiya ya wamiliki wa nyumba hapa Heron Glen, Florida, alikuwa kwenye mgahawa wa klabu akila sandwichi ya samaki na Marisol Quintero. Quintero huyo huyo! Wakili aliyebandika sura yake kwenye benchi la kila kituo cha basi kuanzia hapa hadi Sarasota. Watu wanamkalia kutwa, naye anatabasamu tu. Sasa anataka kukalia kiti changu.

Sina hofu. Nimekuwa wakili wa jumuiya hii miaka kumi na miwili. Kila Februari mkutano mkuu unatakiwa kupiga kura kama niendelee au niondoke. Lakini akidi ni nyumba 157 kati ya 312, na mkutano huwa saa ile ile ya mchezo wa bingo. Wazee wetu huchagua bingo. Mkutanoni huja watu arobaini, kumi kati yao wakifuata kahawa. Akidi isipotimia hakuna kura, na kila kitu hubaki kilivyo, mimi nikiwemo. Sijawahi kupigiwa kura hata moja. Huo ndio uimara.

Hata hivyo kinga ni bora kuliko tiba. Wakili huonekana wa maana palipo na mkosaji, na mwaka huu wakosaji wamekuwa adimu. Nimetoka na kigari cha gofu na darubini ya mke wangu Gwen ya kutazamia ndege. Mtaa wa tatu, nyumba ya mzee Otis Haverkamp, mstaafu wa posta. Sanduku lake la barua ni la kijani kibichi kinachong'aa. Ya majirani wote ni kijani cha tope. Nimempata!

Nimemwandikia barua ya kurasa tisa. Kitabu cha kanuni sikukifungua. Mimi ndiye kitabu.

Jumanne, 6 Februari

Haverkamp amekuja ofisini na kopo la rangi kwapani. Hakupiga kelele, na hilo lilinikera. Alifungua kitabu cha kanuni, ukurasa wa 44, akanisomea taratibu kama mtu anayemsomea mjukuu: masanduku yote ya barua yatapakwa Kijani cha Msonobari. Akageuza kopo nione. Kijani cha Msonobari.

Nikauliza ya wengine basi ni rangi gani. Akasema Kijani cha Kinamasi. Mwaka fulani duka liliishiwa na msonobari, kamati ikanunua kinamasi kwa mkupuo, mtaa mzima ukapaka. Kanuni ilitakiwa irekebishwe, lakini marekebisho yanataka mkutano wenye akidi. Kwa hiyo haijarekebishwa hadi leo.

Akasema, "Wakili, nimepeleka barua miaka thelathini na nne. Mtu anayefuata kanuni kwenye mtaa huu ni mmoja, na umemwandikia kurasa tisa."

Niliona aibu kwa takriban dakika mbili.

Kisha nikapata mwanga. Nina njia mbili tu: kumwomba radhi mtu mmoja, au kuwashtaki mia tatu na kumi na moja. Wakili wa kweli haombi radhi.

Alhamisi, 8 Februari

Bi. Tuttweiler amepata habari. Amenipigia simu akaniambia nimwombe mzee radhi na mambo ya masanduku niyaache kama yalivyo. Aliwahi kuwa mwalimu mkuu kule Ohio, na sauti yake bado inakufanya uchomekee shati. Nikamjibu kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Akasema niangalie basi usinikate vidole. Akakata simu.

Sikusikia neno "usithubutu". Nimechukulia ni ruhusa.

Ijumaa, 9 Februari

Barua 311 zimeondoka! Nimezitia sahihi kwa mkono wangu, mkono unauma, roho kwatu. Kila mmiliki amepewa siku kumi na nne apake msonobari, la sivyo afike mbele ya kamati ya nidhamu. Bi. Tuttweiler amepata yake, kamati ya nidhamu nzima imepata zake. Hata nyumba yangu imepata, maana sanduku letu ni kinamasi. Sipendelei mtu. Quintero na benchi zake angethubutu hivi? Thubutu!

Chini ya kila barua nimeongeza mstari mmoja wa busara: mwenye malalamiko aje kwenye mkutano mkuu.

Jumatatu, 12 Februari

Gwen amepokea barua. Nyumba iko kwa jina lake, kwa hiyo imeandikwa kwake: "Mmiliki mkaidi." Akauliza ni nani aliyeandika neno mkaidi. Nikasema ni lugha ya kitaalamu. Akasema yeye ameng'oa meno ya watu miaka ishirini na sita, na hajawahi kumwita mgonjwa mkaidi, hata aliyemng'ata kidole. Amepika chakula cha mtu mmoja.

Mtaani watu wamenichangamkia ajabu. Kila kigari cha gofu ninachopishana nacho kinasimama. Bibi mmoja wa miaka themanini na kitu aliniita kwa kidole. "Kijana," akasema, "ndiyo wewe wakili wetu?" Nikasema naam, mama. "Mkutano ni Alhamisi, siyo?" Nikasema ndiyo, saa nne asubuhi. "Haya, nilitaka tu nikuone sura mapema."

Nimeguswa. Miaka kumi na miwili, na sasa ndiyo wanaanza kunijali.

Alhamisi, 15 Februari

Sijui nianzie wapi.

Nilifika ukumbini saa tatu na nusu, nikadhani nimekosea jengo. Vigari vya gofu vilikuwa vimejaa hadi ukingoni mwa bwawa, na mamba wetu anayeishi humo alikuwa amehama upande wa pili. Ndani watu wamesimama ukutani. Kulikuwa na mzee aliyekuja na mtungi wake wa oksijeni. Bingo ilikuwa imefutwa, kwa kuwa aliyekuwa aite namba alikuwa amekaa safu ya kwanza na barua yangu mkononi.

Bi. Tuttweiler akahesabu. Nyumba 272! Akidi! Mara ya kwanza katika historia ya Heron Glen! Nakiri nilisimama nikapiga makofi, tena peke yangu. Quintero alikuwa nyuma kabisa, anakula kipande cha keki ya ndimu. Nikamwonea huruma.

Ajenda ya kwanza: kanuni ya rangi. Kinamasi kikapitishwa kwa dakika tatu, na sanduku la Haverkamp likaruhusiwa libaki msonobari maisha yake yote. Ukumbi mzima ukamshangilia. Barua zangu zote 311 zikafa pale pale.

Ajenda ya pili: wakili.

Niliomba dakika tano nijieleze. Yule bibi wa Jumatatu akainuka. "Kijana, sanduku langu limenitumikia miaka ishirini. Wewe umenitumikia lini?" Nikapekua makabrasha yangu kutafuta tarehe. Mtu akapaza sauti kutoka kwenye meza ya kahawa, "Mpe siku kumi na nne ajibu!" Walicheka hadi mzee wa oksijeni akahitaji kufunguliwa mtungi zaidi.

Kura: 271 niondoke, moja nibaki.

Moja! Nilimtafuta Gwen kwa macho, nikamshika mkono nje kwenye maegesho, nikamwambia sitasahau. Akasema nisahau tu, yeye alinyoosha mikono yote miwili niondoke, wakamhesabia mmoja. Aliyenipigia kura ni Haverkamp. Alikuja mwenyewe kunipa mkono. Alisema ndani ya miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusoma ukurasa wa 44 kwa sauti, na bila ukorofi wangu usingesomwa.

Niliumia. Niseme kweli, nililia kidogo ndani ya gari. Gwen akanipa leso, akaendesha yeye.

Ijumaa, 16 Februari

Nimelala vizuri, nimeamka naona mbali. Tuangalie ushahidi kwa utulivu. Nani amejaza ukumbi ule? Quintero? Kamati? Ni mimi, kwa barua moja tu! Wakili mwingine yupi Florida nzima ametoa wazee 272 kwenye bingo?

Ibis Cove, jumuiya ya ng'ambo ya barabara, haijatimiza akidi miaka mitano, na mwezi ujao wanatafuta wakili. Wananihitaji mno, ila hawajui. Nimepita pale asubuhi kujionea. Ua wa mwenyekiti wao umezidi kimo kwa inchi mbili. Barua ya onyo nimeshamtumia, kurasa kumi na moja. Ya kuomba kazi itafuata kesho.