Manousos Watano na Jicho Moja

Bwana Fragkiskos, Msanifu wa Programu ya Miadi ya Zahanati,

Salamu kutoka Anokampi. Nakuandikia kwa heshima zote, ingawa nina hasira. Daktari wa macho hupanda huku kwetu mara moja kwa miezi mitatu, na anakuja tena Alhamisi. Mume wangu Manousos ana mtoto wa jicho. Jumapili aliliamkia koti langu jeusi lililotundikwa mlangoni, akidhani ni padri. Wageni walicheka, nami nikacheka nao, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulituambia kazi ni rahisi: "Mama, unabonyeza jina tu, basi." Nikabonyeza Manousos Kalogridakis. Sasa huku kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu, na babu alikuwa na wana watano. Hesabu mwenyewe. Miadi ikaenda kwa Manousos mwingine, binamu ya mume wangu, yule mwenye bucha, naye akaenda, maana aliitwa. Daktari akamsifu kwa macho mazuri.

2. Tulipolalamika mkaongeza picha. Wote watano wana pua ya babu na masharubu ya babu. Hata mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akisubiri wakohoe ndipo ajue yupi ni wake.

3. Mkaleta namba. Mume wangu akawa Manousos 3, na binamu yake aliye mkubwa kwake akawa Manousos 4. Huyo tangu Pasaka hatusalimii. Anasema, "Yule nimembeba mgongoni, leo ndiyo anitangulie?" Na kusema kweli, ana haki.

4. Kwa hiyo naomba kisanduku cha jina la utani. Kwa majina hayo hapa hakuna anayekosea: yupo Kwato, yupo Nusu Saa, yupo Askofu, yupo Chumvi, na mume wangu ndiye Kesho. Ni kweli hayatamkwi mbele ya mwenyewe, lakini simu haina haya. Kila mtu aandikwe lake, wanaume kwa wanawake, na orodha ibandikwe ukutani zahanati kwa herufi kubwa. Anayeona aibu hajaumwa vya kutosha.

Nakusihi ulishughulikie kabla ya Alhamisi. Nataka mume wangu auone uso wangu tena, hata kama umeshachakaa. Wasalimie wote hapo ofisini, na mama yako umwambie kijana wake ana adabu, ila koo za watu hazijui.

Ni mimi ninayesubiri,
Argyro Kalogridaki

N.B. Nimemwomba mume wangu anitajie majina yote ya utani ya kijiji ili nikuambatishie orodha. Ameyataja, na langu humo humo, wala hakusita. Kumbe kijiji kizima kinaniita Honi tangu siku ya harusi yetu, na yeye muda wote anajua. Kisanduku usikiweke. Jicho lake litasubiri miezi mitatu.