Sufuria Iliyopewa Pointi Sita

Goma, mtaa wa Mapendo

Bwana Prefe wa Masomo, mkuu wa shule yetu,

Dhamira ya riwaya ni lile jambo ambalo likiondolewa, hadithi yote inabomoka. Si jambo linalotajwa mara nyingi zaidi, wala lile linalomliza mwalimu. Naanza na fasili hii kwa sababu mwalimu wako wa fasihi, Bwana Moïse, ameipa insha ya mjukuu wangu Bénita pointi sita kwenye ishirini, na kwa pointi hizo mtoto hataandikishwa kwenye mtihani wa Serikali.

Swali lilikuwa: fafanua dhamira ya riwaya mliyosoma. Katika riwaya hiyo, Micheline na mchumba wake Carlos wanakimbia vita milimani Masisi. Lori liko tayari. Micheline anarudi nyumbani kuchukua sufuria, lori linaondoka na Carlos, na wapenzi hao wanatafutana hadi ukurasa wa mwisho. Bénita aliandika kwamba dhamira ni sufuria. Mwalimu akajibu kwa wino mwekundu: "Sufuria ni chombo cha jikoni. Dhamira ni mapenzi." Malalamiko yangu ni haya.

1. Ondoa sufuria: Micheline anapanda lori, wanafunga ndoa, na riwaya inakwisha kabla hawajafika Sake. Ondoa mapenzi: Micheline bado anarudi kuchukua sufuria, kwa kuwa mtu asiyependa pia hula. Ushahidi umekamilika. Ningeweza kuishia hapa, lakini nimestaafu na nina wakati.

2. Wanafunzi walioandika "mapenzi" wamepata kumi na nne. Mmoja wao ni Ézéchiel, ambaye anatangaza hadharani namna alivyofanya utafiti wake: "Mimi niliona tu bibi na bwana kwenye kava, nikamaliza!"

3. Darasa lile limejaa wataalamu. Hakuna mtoto ambaye familia yake haijawahi kukimbia, wengine kutoka Bunagana, wengine kutoka Masisi kama sisi. Niliwauliza mmoja mmoja, langoni pa shule, mama zao walijitwika nini kichwani kwanza. Hakuna aliyejibu mapenzi. Mke wangu Perpétue, aliyeshuka ile milima na maharage yangali moto kichwani, aliposomewa wino mwekundu alisema: "Mapenzi tungeyapata hata huku. Sufuria ingetoka wapi?"

4. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: Bénita apewe kumi na nane, riwaya ihamishwe kutoka kabati la fasihi, ipelekwe jikoni, sufuria ichorwe kwenye bendera ya shule, mahali pa ile kalamu ambayo hakuna aliyewahi kuirudia nyumbani, na Bwana Moïse achemshe maharage ndani ya mapenzi, mbele ya wazazi, hadi yaive. Tutasubiri.

Nakuachia haya uyapime kwa utulivu wako unaojulikana. Nisalimie walimu wote, mlinzi wa lango, na yule mama anayeuza mandazi, ambaye tayari yuko upande wetu.

Adalbert Ndagijimana,
mwalimu mstaafu wa mantiki

N.B. Asubuhi hii, kabla barua haijaondoka, kishindo kikubwa kilisikika upande wa Katindo, na mtaa mzima ukakimbia. Ulikuwa mpira wa lori uliopasuka, lakini habari hiyo ilitukuta tayari tuko barabarani. Bwana Moïse, ambaye ni jirani yetu, alitupita na sufuria kichwani, mchuzi wa sombe, yale majani ya muhogo, ukimtiririka hadi kwenye tai, na mkewe Léonie nyuma yake akimwita kwa jina la binti yao: "Papa Patricia! Na mimi je?" Hapo nikagundua kwamba mkono wangu wa kuume umeshika mkono wa Perpétue, na wa kushoto hauna kitu. "Muzee," akauliza Perpétue, "na sufuria yetu?" Tulikuwa tumeiacha motoni. Iliungua pamoja na maharage. Bénita alimtazama mwalimu wake, akatutazama sisi, akacheka hadi akaketi juu ya mawe ya volkano.

Sasa Bwana Moïse yuko tayari kumpa kumi na nane kwa ajili ya sufuria, na mtoto anazikataa: anaandika insha upya, na dhamira, anasema, ni mapenzi. Nami nimeisoma tena fasili yangu, safari hii nikiwa na njaa. Bwana Prefe, kati ya sufuria iliyoungua na mkono ambao Perpétue bado hajauachilia, ni kipi kikiondolewa nyumba yetu inabomoka?