Siku Fundi Alipokosa Kinga

Njooni, enyi mlio na masikio na kucha! Sogeeni, acheni hata chai ipoe, niwasimulie habari za Fundi Cherehani, Simba wa Pindo, Bingwa wa Mikono Mirefu, aliyepigana miaka sita na mabaka ya mwasho yaliyomvamia mwilini bila kupiga hodi, akajikuna kwa rula, kwa kitana na kwa kona ya kabati, asipate hata suluhu.

Ndipo ikaja sindano. Kila mwezi askari wa kukodi waliingia kupitia begani, adui akatimua mbio, na Fundi akashona suruali zenye miguu iliyolingana. Lakini baada ya sindano ya nane mwasho ukarudi na jeshi zima. Daktari akasema, "Tupime damu. Huenda mwili umejenga kinga dhidi ya dawa. Ikiwa hivyo, sindano tunaacha."

Ole wake! Wakati huo Fundi alikuwa akijikuna sikio, akaambulia neno moja tu: kinga. Wiki nzima akaisaka kinga hiyo kwa ndimu na vitunguu saumu, hata wateja wakawa wanaomba kupimwa nguo wakiwa mlangoni.

Siku ya majibu akaingia na mkewe, kifua mbele. Muuguzi akafungua karatasi.

"Kinga haijaonekana."

"Haijaonekana!" Fundi akanguruma. "Ewe mke wangu, shahidi wa ndimu zangu! Nimekula hadi meno yakafa ganzi, nao wasema sina kinga? Basi nivisheni sanda, na cherehani yangu mpeni shemeji, ingawa hajui hata kutunga uzi!"

"Baba, tulia," muuguzi akasema, akifungua dirisha. "Ni kinga ya kuipiga dawa yenyewe. Ungekuwa nayo, leo ungerudi nyumbani bila sindano. Huna, kwa hiyo unachomwa, na sasa ni kila wiki mbili, maana mwezi mzima ulikuwa mrefu mno."

"Na mimi nimekumenyea vitunguu vyote vile!" mkewe akasema.

Fundi akapandisha mkono wa shati hadi begani. Alikuwa ameogopa kweli, jamani, na sasa aliona haya.

Akachomwa, akaamriwa akae kwenye benchi nusu saa, waone kama dawa itamletea shida. Na hapa, enyi vizazi vijavyo, ndipo tendo lenyewe lilipotendeka: dakika thelathini kamili, saa ya ukutani ikishuhudia, shujaa hakujikuna hata mara moja. Mkewe alikuwa amemshika mkono, na kwa miaka sita mkono ule haukuwahi kupata nafasi ya kushikwa.