Mlango Ulioogeshwa Chai

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya heri. Shemeji, mume wa dada yangu, huongoza matembezi ya nyumba za kale kila Jumamosi, na njia yake inahitaji nyumba moja zaidi. Nikamtajia ya shangazi, ninamoishi. Alicheka mpaka akakohoa. Kasema nyumba yenye mlango wa juzi ina ukale gani? Hata hivyo Jumamosi atapita na mhadhiri wa majengo, yeye ataamua.

Shangazi kaniambia wazi: nyumba ikikubaliwa, chumba cha mbele kinabaki changu, nitapokea wageni. Ikikataliwa, anampangisha mshona nguo, mimi nihamie stoo. Mimi, stoo? Thubutu!

Jumanne, 5 Machi

Kazi kwa utaratibu. Mlango kwanza. Nimechemsha sufuria nzima ya majani ya chai, nikaupaka, nikaukwaruza kwa msumari, nikamalizia na masizi. Nikamwambia shangazi kwamba sasa umemzidi umri. Kajibu kuwa afadhali huo mlango, una kazi: kufungia nje watu kama mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Usafi. Dirisha la juu lilizibwa kwa vijiti vya mbao vilivyopishana kama mkeka, vumbi tupu na kiota cha njiwa. Nimeving'oa vyote. Havikuwa na msumari hata mmoja, vimeshikana kwa vigingi tu. Fundi wake lazima alikuwa fukara. Shangazi kafurahi kupata kuni. Zimewaka vizuri ajabu.

Mshona nguo kaja kupima chumba changu kwa utepe wake. Nimemshauri apime mapazia ya kwake.

Jumamosi, 9 Machi

Wamekuja! Watu wamejaa mpaka barabarani. Nimeeleza habari za mlango kwa sauti nzito: vizazi, tufani, mapenzi. Mhadhiri akaugusa, akanusa vidole, akauliza kama una sukari.

Wakacheka. Sikutetereka.

Kisha akainua macho dirishani, akaona matundu ya vigingi. Akauliza kwa sauti ya chini vijiti viko wapi. Kasema kazi ya namna ile, isiyo na msumari, mtaa mzima haijabaki nyingine. Kwa ajili yake tu nyumba ingekubaliwa bila neno. Shangazi akanitazama mimi. Mimi nikatazama jiko. Kilibaki kijiti kimoja, alichokuwa akikorogea uji. Mhadhiri kakifunga kwenye leso kama mtoto mchanga, akaondoka nacho.

Shemeji kasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, ila mimi nimeinama nikachoma kitanda.

Jumapili, 10 Machi

Naandika nikiwa stoo. Cherehani inalia chumba cha mbele.

Nimetafakari kwa utulivu na kosa nimeliona: chai. Ningetumia kahawa.

Halafu meza ya mshona nguo ina miguu ya mbao nzuri sana. Nikiipasua, vijiti vya dirisha zima vinapatikana. Kasema kesho asubuhi anakwenda kununua vitambaa. Shangazi nimemwomba shoka. Kaniuliza la nini. Nimemwambia ni siri ya kumfurahisha.