Baba Anakuja, Tumbo Nilifiche Wapi?

Jumatatu, 3 Machi 2025
Baba anakuja Ijumaa kutoka Nagongera. Atakaa kwetu hapa Tororo atibiwe macho. Ole wangu! Mara ya mwisho kuniona nilikuwa nusu ya mtu huyu. Utotoni, wageni wakifika, alimshika kaka yangu Ikiring begani: "Huyu ndiye mwanangu." Kisha akaninyooshea kidole: "Na huyu Edeku ni wa kula tu." Wageni walicheka. Nami nilicheka, halafu nikaenda jikoni kukwangua sufuria.
Lazima nikonde. Nimeanza leo. Sikula kitu mpaka saa nne asubuhi.

Jumanne, 4 Machi
Zahanati. Nilitaka vidonge tu. Muuguzi Aguti akakataa. Akaniuliza eti nikiwa mdogo nani aliniambia sifai. Nikamwuliza hilo na tumbo vinahusiana nini. Akasema wapo walioumizwa moyo utotoni, wakakua wakiutuliza kwa chakula. Upuuzi! Nimetoka pale bila hata kuaga. Nje kulikuwa na mama wa chapati. Nimekula tatu, na maharage.

Jumatano, 5 Machi
Nimevuka mpaka Busia, upande wa Kenya. Maurine, muuza nguo sokoni, ana mkanda wa kubana tumbo. Ameapa nikiuvaa hata mama mzazi hatanitambua. Siwezi kupumua, lakini kupumua kuna haraka gani? Mke wangu Ajambo ameuona, hakucheka. "Baba Daphine, mzee anakuja kutibiwa, haji kukupima." Hamjui baba yangu.

Ijumaa, 7 Machi
Amefika! Nikainama kumsalimia. Praa! Mkanda ukapasuka, tumbo lote likamwagika mbele yake. Nikafumba macho nikisubiri kile kidole.
Hakikuja.
Mkono wake ukanipapasa shavu, kisha bega. Baba haoni tena kabisa. Hakuna aliyeniambia.
"Ikiring, mwanangu," akasema. "Umenenepa. Mungu amekubariki."
Jirani aliyemleta alimwambia anapelekwa kwa mwanawe. Kwa baba, mwana ni mmoja.
Ajambo akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.
"Ndiyo, baba. Ni mimi."

Jumapili, 9 Machi
Baada ya kanisa baba ameuliza habari za Edeku. Nikasema yupo, anachomelea mageti, watu wanamsifu.
"Yule mtoto nilimsema sana," akasema. "Mwambie aje, nimshike uso."
Ajambo alinitazama. Nikasema Edeku ana kazi nyingi. Atakuja akishakonda kidogo.
Ajambo amekwenda kulia jikoni. Wanawake!
Jioni Ikiring amepiga simu, anataka kuja kumwona mzee. Nimemwambia asithubutu, daktari amekataza wageni. Sasa baba amelala. Nimeketi kando yake, namalizia ugali aliobakiza, nasubiri aamke aniite Ikiring.