Alama Moja ya Mama Mkwe

Jumanne, 4 Machi
Na bado anapendeza, hata kwa shati la juzi! Ndoa yetu ina wiki tatu, na siku ya sita leo mume wangu analala kwenye benchi la hospitali. Mama mkwe aliteleza bafuni, akagonga kichwa. Muuguzi humpima fahamu: macho, maneno, mikono. Fahamu kamili ni alama kumi na tano. Mama ana kumi na nne. Moja tu! Anachanganya siku. Daktari kasema Ijumaa akizipata zote, nyumbani. Akikosa, hospitali ya vichwa, mji mwingine, na mpenzi wangu ataondoka naye. Hapana! Nina mpango.

Jumatano, 5 Machi
Nimemnong'oneza mama majibu mara arobaini: leo Jumatano, hapa hospitali. Anashika upesi, roho yangu! Wifi akaniuliza, bibi harusi, mbona unamtemea mama yangu mate sikioni. Nikasema namwombea. Wivu tu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Muuguzi kauliza siku. Mama, kama mwanafunzi bora: Jumatano! Kumi na nne tena. Mchana kutwa nimemfundisha Ijumaa. Nimeongeza na jibu kuhusu mimi. Kidogo tu!

Ijumaa, 7 Machi
Siku? Ijumaa. Mahali? Hospitali. Nusura nipige kigelegele. Daktari akaninyooshea kidole, huyu je? Mama akasema mke wa mwanangu, nampenda kuliko wote. Wifi akaguna. Daktari akamwonyesha mume wangu. Na huyu?
Mama akamtazama mwanawe muda mrefu. Akatabasamu kwa adabu. Akasema hujambo, daktari.
Hilo sikumfundisha. Nani angefikiria?
Mume wangu akajibu sijambo, mama. Akatoka nje. Sikujua nimfuate au nibaki.

Jumapili, 9 Machi
Wameondoka kwa gari la wagonjwa. Mpenzi wangu kanikumbatia, macho mekundu. Wifi kaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kwa majibu yangu mama nusura arudishwe nyumbani na damu imevujia ndani ya kichwa. Nimeulilia mto wa mume wangu hadi ukalowa.
Halafu nikaelewa kosa langu. Haraka! Siku tatu zingetosha nini? Nimenunua daftari. Ukurasa wa kwanza nimebandika picha ya mume wangu, chini nimeandika: mwanangu. Kurasa themanini zimebaki. Mpenzi, mwambie mama apumzike vizuri. Mwezi huu hauishi kabla sijaja kuwaona.